Wanayosema Wakirudisha Viti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeula wa chuya. Wenzangu wote wa chuo wamepata mafunzo ya kazi kwenye mabenki na kampuni za bima, wanakalia viti vinavyozunguka. Mimi niliyechelewa kupeleka maombi nimepewa kilichobaki: kitengo cha ushirikishaji jamii, baraza la mji, miezi mitatu. Chumba kimoja, meza mbili, feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na dirisha linalotazama maegesho ya magari ya taka. Nilimuuliza mkuu wa kitengo kazi yetu hasa ni nini. Akasema ni kukutana na wananchi. Nikasubiri aendelee, naye akawa amemaliza.

Jioni Mama ameniuliza kazi ikoje, nikamwambia nzuri, akacheka kwa kuwa ananijua. Mjomba amenishikia nafasi ya uhasibu ofisini kwake kuanzia mwezi wa sita na anataka jibu kabla sijamaliza huku. Ningeulizwa leo, ningekimbilia huko na viatu mkononi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanga mafaili kwa mwaka. Mkuu akasema yeye huyapenda kwa mtaa. Nimepangua.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekutana na wananchi. Tulishuka mtaa wa bondeni kwa ajili ya daraja la miguu. Mambo yako hivi: watu wanakaa upande huu wa kijito, shule na zahanati ziko upande wa pili, na kijito chenyewe kiangazi unakiruka, masika kinakurusha wewe. Baraza limepata fedha za daraja moja tu, na kwenye ramani limechorwa juu kabisa, karibu na barabara kubwa, ambako hakuna nyumba ya mtu wala shamba la mtu.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Viti vilitoka majumbani: vya plastiki, vya mbao, stuli za jikoni, hata sofa moja yenye kitambaa cha maua iliyobebwa kwa ajili ya wazee. Mkuu alieleza kwa utaratibu, akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Mzee mmoja akakohoa. "Basi tumekubaliana," akasema mkuu, makofi yakapigwa, nami nikapiga, nikidhani nimeshuhudia ushirikishaji wa kupigiwa mfano. Kumbe mtaani wanamwita Bwana Tumekubaliana, na mwenyewe analijua jina hilo.

Mkuu alipanda gari. Mimi niliona aibu kuondoka nikiwaacha kina mama wakibeba viti, nikashika mwisho mmoja wa benchi. Mwisho wa pili alishika muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Hatukufika mbali akasema daraja ni zuri, ila watalipita mbuzi. Nyuma yetu, waliobeba sofa wakacheka. Mmoja akasema kule juu ni safari, na mgonjwa akipelekwa zahanati kwa njia ile atafika ameshapona au ameshakufa. Mwingine akasema mahali pa daraja panajulikana tangu enzi, ni pale penye wembamba, chini ya michongoma, unavuka na kutokea mlangoni mwa shule.

Nilisimama na benchi langu. Nikauliza kwa nini hawakusema mkutanoni.

"Mbele ya nani?" akaniuliza muuza mkaa, akaniambia nisimame vizuri, benchi linamwangukia mguuni.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda mwenyewe kukiona kijito. Rasharasha, anga zito. Watu wanavukia chini zaidi, mahali papana, kwa kurukaruka juu ya mawe.

Nimemwona fundi seremala wa mtaa akimvusha bintiye mgongoni. Msichana wa miaka kama kumi, miguu haina nguvu, anatembelea magongo. Magongo yenyewe amefungwa mgongoni kama mkoba, naye amemshika baba yake shingoni kwa utulivu wa mtu aliyepanda basi. Walipofika ng'ambo fundi alimshusha, akamfungulia magongo, akamtengeneza kola. Kisha akasimama akijishika kiuno muda mrefu.

Aliporudi nikamsalimia. Si mtu wa maneno. Aliniambia tu kwamba maji yakijaa hawavuki, binti anabaki nyumbani. Masika ya mwaka jana alikosa siku nyingi mno, akarudia darasa. Mwalimu mkuu amesema akikosa hivyo tena, shule haitakuwa na namna, atafutiwe ya bweni mbali huko. Fundi hana mtu mwingine nyumbani, ni yeye na huyo mtoto. Nilimwambia daraja linakuja. Akatazama kule juu lilikochorwa, akatazama magongo yaliyokuwa yanapotea kwenye lango la shule, akaniambia asante.



Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ofisini tumeweka ndoo chini ya feni.

Jumamosi, 22 Machi

Mkutano wa mapipa ya taka. Kuna swali? Kimya. Basi tumekubaliana. Nilikuwa wa kwanza kusimama na kushika kiti.

Nimejua sasa. Mtaa huu una mikutano miwili: ule wa kukaa na ule wa kubeba. Wa kukaa ni wa adabu. Wa kubeba ndio wa ukweli, kwa sababu mtu mwenye kiti kichwani hakutazami usoni. Kutoka uwanjani hadi nyumba ya mwisho nilisikia nani anatupa taka wapi, nani amemnunia nani, na mapipa yawekwe wapi ili yasigombaniwe.

Na muuza mkaa akanisimulia habari ya michongoma. Zamani njia ya kwenda penye wembamba ilipita ubavuni mwa nyumba moja, watu wakipita miaka na miaka bila neno. Siku moja fundi, wakati huo kijana mwenye misuli na majivuno yake, alipita na mkokoteni wa mbao, akaubomoa ukuta wa jiko la nje ambao mwenye nyumba alikuwa ndio kwanza ameumaliza kwa mikono yake. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, akaenda zake. Mwenye nyumba alingoja aombwe radhi, hakuombwa, akapanda michongoma kuziba njia. Miiba ikastawi, mwenye nyumba akafa, akabaki mjane wake. Wanamwita Mama Michongoma, kisogoni lakini. Mbele yake ni Shangazi.

Hakuna anayeweza kumwomba afungue njia. Mwanzo walisema tungoje msiba upoe. Ukapoa. Sasa kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na hawawezi kulitaja jambo hilo mkutanoni mbele ya mjane na mbele ya fundi, wote wawili wakiwa wamekaa pale. Ingekuwa ni kuwavua nguo hadharani.

Nilimsimulia Mama. Akasema mficha uchi hazai. Nikasema ndivyo hivyohivyo nilivyofikiri, nami nikalala nikijiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Kijito kimeanza kunguruma. Fundi alivuka akiwa na maji magotini.

Jumatatu, 7 Aprili

Jumamosi ni mkutano wa mwisho wa daraja. Ukishapita huo, mkuu anapeleka jibu kwa mhandisi, na mhandisi anakuja mwishoni mwa Mei kupiga vigingi. Nimemwambia mkuu kuwa bondeni hawakukubali. Akaniuliza nani alikataa. Sikuwa na jina la kumpa, maana kila aliyesema alisema akiwa amebeba kiti. Akanitazama kama anayetaka kusema neno, kisha simu ikalia.

Ila amefurahi kwa jambo moja. Amepata viti vya kukodi, ili wananchi wasihangaike.

Jumamosi, 12 Aprili

Natamani siku ya leo ifutwe.

Viti vilikuja kwa lori: vyeupe vyote, vimevalishwa vitambaa, vimefungwa utepe mgongoni. Watu wakakaa kwa woga, mikono magotini. Mama Michongoma alikuwa mstari wa mbele, mwembamba, amenyooka, mtandio mweusi. Fundi alikuwa nyuma kabisa na bintiye. Vijana wa lori walisimama pembeni wakingoja kuvipakia.

Nikaelewa kwamba leo hakuna kurudisha viti. Hakuna wa kubeba wala wa kusindikiza. Mkutano ukiisha, umeisha, na daraja limekwenda kwa mbuzi. Mkuu akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza mwenye maoni tofauti. Nikasimama.

Nilisema yote. Nilisema watu hapa hawasemi ukweli, kwamba wanataka daraja penye wembamba, kwamba njia imezibwa na michongoma ya marehemu, kwamba ilipandwa kwa sababu ya ukuta uliobomolewa na fundi ambaye hakuomba radhi, kwamba sasa mtoto wake mwenyewe ndiye anayeumia. Nilisema vizuri. Nilisema kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa chuoni, na nilikuwa nikingoja makofi.

Hakuna aliyekohoa. Mama Michongoma alisimama, akajitanda mtandio wake upya, akatoka katikati ya viti vyeupe bila kumgusa mtu. Binti wa fundi alikuwa akimtazama baba yake. Fundi alikuwa akinitazama mimi.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

Mkuu akasema, "Basi tume...," akashindwa kumalizia.

Nilimfuata muuza mkaa nikitaka anitetee. Aliniambia kwa sauti ya chini kuwa yale tuliyasema tukiwa tunabeba viti. Akaenda zake. Vijana wa lori walikuwa wameshapakia nusu.

Nimelia njia nzima. Mama ameniwekea chakula na hakuuliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda ofisini nimejiandaa kufukuzwa. Mkuu alinikaribisha kiti, kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu nije. Kwamba yeye anajua siku zote kuwa kimya chao si kukubali. Kwamba zamani alikuwa akiuliza mara mbili, mara tatu, akishuka na siku za mapumziko, na amechoka, na kuchoka kwake kumekuwa desturi ya ofisi. Nilimdhania mjinga. Si mjinga hata kidogo.

Nikamuuliza kama jibu limeshakwenda kwa mhandisi. Akasema kigingi kisipopigwa, karatasi ni karatasi tu. Akaniambia niende nikaombe radhi, na nisiende na gari la baraza.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda kwa mjane. Nimebisha hodi. Ndani kulikuwa na mtu anafagia. Ufagio ukanyamaza mpaka nilipoondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimebisha. Kimya.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua usiku kucha. Fundi na binti walifika kando ya maji, wakatazama, wakarudi. Nimebisha kwa mjane. Kimya.

Ijumaa, 25 Aprili

Kimya. Muuza mkaa aliniona nikitoka pale nimelowa chapachapa. Hakunisalimia, lakini alinisogezea gunia nijifunike.

Jumanne, 29 Aprili

Leo mlango umefunguliwa. Mvua ilikuwa ya kumwagwa, nadhani alichoka kunisikia nikipiga chafya. Akanipa taulo na kigoda, akakaa mkabala nami akichambua mchele kwenye ungo, macho yake kwenye mchele.

Nilianza maneno yangu ya radhi niliyoyapanga. Akanikatiza. Akasema mimi ni mtoto na nimekosa kitoto, hilo ameshalimaliza. Linalomuuma si langu.

"Walikuja kwenye msiba wangu," akasema. "Wakanipikia, wakanioshea vyombo, wakanishika mkono nisianguke. Miaka yote hii wananiamkia asubuhi na jioni. Na hakuna hata mmoja aliyeniambia, Shangazi, tunapata tabu. Nimekuja kuambiwa na wewe, kwenye kiti cha kukodi."

Nikauliza kuhusu michongoma, kwa sauti ndogo. Akasema yeye hakuipanda na haipendi. Kuku wake wawili wamejichoma humo wakafa. Anaipogoa tu kwa kuwa mumewe aliiacha, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba aikate. Alidhani watu wanaona raha kutopita kwake. Alidhani wanamchukia, akaamua kukaa kwa heshima yake.

Niliruka kitini. Nikamwambia basi nitawaambia, kesho hiihii, nitamleta mkuu, nitaandika. Aliinua macho kutoka kwenye ungo, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Usimwambie mtu. Sitaki mjumbe. Aliyebomoa ukuta ana miguu yake."

Nimetoka pale najiuliza: sasa mimi kazi yangu nini?

Alhamisi, 1 Mei

Nimekwenda karakana ya fundi. Nilichoruhusiwa kusema ni kidogo, nikakisema hichohicho: kwamba nimemkosea, kwamba naomba radhi, na kwamba mjane yuko nyumbani. Hakuacha kupiga randa. Alisema yeye hawezi kwenda kuomba njia kwa mjane wa mtu ambaye yeye alimcheka. Atamwangalia kwa uso gani. Bora ambebe mwanawe mpaka mgongo uvunjike.

Nikamwona alivyo mkaidi, nikakasirika, na nikiwa njiani nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe nilibisha mlango ule mara nne nikiombea usifunguliwe.

Jumatatu, 5 Mei

Mjomba amepiga simu. Nimemwambia bado nafikiria. Mama amenitazama kwa pembe ya jicho.

Ijumaa, 9 Mei

Fundi ameteleza.

Maji yalikuwa yamepungua kidogo, akaona wajaribu, maana leo kulikuwa na mtihani. Katikati ya mawe mguu ukamponyoka. Alianguka kwa ubavu ili mtoto asiwe chini. Wanawake waliokuwa wakifua waliingia majini wakawatoa wote wawili. Binti hana hata mchubuko. Gongo moja limekwenda na maji. Fundi hawezi kunyooka.

Nilifika nimekimbia. Amelala kwenye mkeka, uso kama jivu, na binti amekaa kando yake akifanya hesabu za mtihani alioukosa, alizoletewa na mwenzake wa darasa, anajiwekea alama za vema mwenyewe. Aliniuliza kwa nini wale wa zamani walikuwa wajinga kiasi cha kupanda miiba mahali pazuri pa kupita. Yale niliyoyasema mkutanoni hakuyaelewa, baba yake alimwambia ni mambo ya wakubwa.

Fundi alifumba macho. Mimi nilikuwa na jibu lote mdomoni, mwanzo hadi mwisho, limejipanga. Nikamwambia hesabu ya tatu ameikosea.

"Sijaikosea," akasema, akanionyesha. Kweli alikuwa hajaikosea.

Nilipoaga, fundi alinishika pindo la nguo.

"Hukumwambia," akasema.

Nikasema si langu kusema.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Nimelala mchana, jambo ambalo sijalizoea. Mama anasema nimekonda.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu mkuu alituma ujumbe kuuliza kama binti bado ni mwanafunzi wake. Nimepita kumjulia hali fundi. Anakaa sasa, anatembea kwa kushika ukuta. Anachonga gongo jipya. Akauliza, kama anayeuliza bei ya misumari, huyo mama hukaa nyumbani wakati gani.

Jumamosi, 17 Mei

Tulikwenda asubuhi. Fundi alivaa shati la kuendea shughuli, akanyoa ndevu. Njiani alisimama mara nyingi, akasema ni mgongo. Nami nikakubali kuwa ni mgongo.

Mlango ulifunguliwa kabla ya hodi kumalizika. Shangazi alimtazama fundi juu hadi chini. Fundi akaamkia, akaitikiwa. Nikainua mguu nami niingie. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno ya kuwaweka sawa endapo yatakuwa magumu.

"Wewe baki nje," Shangazi akaniambia, akafunga mlango.

Nikabaki nje. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Sikusikia chochote. Niseme kweli, nilitega sikio, na bado sikusikia. Muuza mkaa alipita na mzigo wake, akaniona, akautua. Akaja mwenye mashine ya kusaga. Wakaja kina mama wa kufua na mabeseni yao. Hakuna aliyeuliza nini kinaendelea. Walisimama tu, na muuza mkaa alisimama karibu nami hata bega lake likanigusa.

Ilichukua muda. Mlango ulipofunguka, alitangulia Shangazi, ana panga mkononi. Akapita katikati yetu kwenda ubavuni mwa nyumba. Akakata shina la kwanza yeye mwenyewe, kwa mapigo mengi, mikono yake haina nguvu. Fundi alikuwa nyuma yake, macho mekundu, amesimama kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akanyoosha mkono kuomba panga. Shangazi akamwambia na mgongo ule aende akakae. Akamkabidhi muuza mkaa.

Tumekata mpaka jioni. Mimi nina miiba kila mahali, hata pasipotajika. Yaliyosemwa ndani siyajui, na sasa nimeamua sitaki kuyajua.

Jumatano, 28 Mei

Mhandisi amekuja. Mkuu alimpeleka kwanza kule juu, kisha akamshusha penye wembamba, akamuuliza mbele ya watu wote lipi lenye gharama ndogo. Mhandisi akasema hapa panahitaji nguzo chache, kwa nini mlinichorea kule? Mkuu akajikuna kidevu. Wazee wakatazama mawingu.

Kabla ya vigingi, mkuu aliuliza kama kuna swali. Kimya. Akanitazama, akauliza tena. Akangoja. Kimya kilikuwa kirefu hata nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Ndipo Shangazi akasema yeye ana moja: ardhi ni yake, njia ametoa, lakini anataka taa, maana hataki mtu ateleze usiku mlangoni kwake. Akafuata mwenye mashine. Akafuata mama mmoja nisiyemjua. Wakafika mahali wakabishana wenyewe kwa wenyewe wamekaa, na mkuu hakuwahi kabisa kutamka neno lake.

Vigingi vimekaa.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho ya mafunzo. Mkuu alikuwa akijaza tathmini yangu ya chuo, akasimama kwenye sehemu moja, akaniuliza nimechangia nini hasa katika daraja la bondeni, ili aandike.

Nilifikiri. Kusema nilisema, nikaharibu. Kubisha nilibisha, nikaambiwa hatakiwi mjumbe. Nikamwambia niliambiwa nibaki nje, nikabaki.

Nilidhani atacheka. Akaandika neno kwa neno, kisha akasema kuna mikutano mitaa ya juu kuanzia wiki ijayo, posho yenyewe ni ya nauli tu, kama nitataka.

Nimempigia Mjomba. Nimemwambia nimepata kazi. Akauliza wapi, nikamweleza, akauliza tena kama nimesema kazi. Mama alikuwa anasikiliza mlangoni, akanyanyua mabega, akasema kila mtu na ugonjwa wake.

Jumatatu, 2 Juni

Daraja lenyewe litaanza kiangazi. Lakini fundi hakuweza kungoja. Tangu apate kunyooka amekuwa penye wembamba kila siku na mbao zake, na leo asubuhi kulikuwa na ulalo wa muda umetoka huku hadi ng'ambo, imara, una mihimili ya kushikia pande zote mbili kwa kimo cha mtoto.

Tulikuwepo wengi, kila mmoja akijifanya ana shughuli yake. Binti alikuja na sare yake, gongo la zamani mkono mmoja na jipya mkono wa pili, mkoba mgongoni mahali ambapo siku zote yalikaa magongo. Baba yake aliinama kama kawaida ili ampande. Mtoto akamzunguka, akapita.

Katikati alisimama. Gongo jipya lilikuwa limenasa kwenye upenyo wa mbao. Fundi alikwenda hatua moja, mimi nikaenda mbili, na Shangazi akasema, "Mwacheni," bila kupaza sauti, tukasimama wote. Binti alivuta gongo, halikutoka. Akalizungusha, likatoka. Akaendelea, tk, tk, tk, mpaka akafika ng'ambo. Hakugeuka nyuma. Alikuwa amechelewa namba ya asubuhi shuleni.

Fundi alibaki pale pale, mgongo umeinama nusu, mikono yake ameiweka nyuma tayari kumshika mtu. Ilimchukua muda kuishusha.

"Sasa mimi asubuhi nitakuwa nafanya nini?" akauliza, hakumuuliza mtu yeyote.

"Utapita hapa unisalimie," akasema Shangazi, akaingia ndani kuchemsha chai.